Rubani ana dosie London, mpagazi wetu hana hata jina

Tarehe 10 mwezi wa 6 mwaka 1916, ndege ya majini iliondoka upande wetu wa Ziwa Tanganyika, ikavuka maji na kutupa mabomu kwenye bandari ya Kigoma. Ilikuwa inatafuta meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, ile ambayo baadaye ilipewa jina la Liemba. Rubani alikuwa Mbelgiji, Aimé Behaeghe. Mwezi wa 12 mwaka huohuo alifariki Niemba, katika jimbo la Tanganyika la leo. Tunajua jina lake na mahali alipofia, kwa sababu kuna watu walioandika na wengine waliotunza.

Ndege hizo zilikuwa nne, na zilitolewa na jeshi la majini la Uingereza. Tangu mwezi wa 7 mwaka 1914 jeshi hilo lilikuwa na kikosi chake cha ndege, Royal Naval Air Service. Ndio hao waliosaidia kuielekeza mizinga ya Waingereza kwenye meli Königsberg katika mto Rufiji, Tanzania ya leo, mwaka 1915.

Leo mjukuu wa mmoja wa wanajeshi hao akitaka kujua babu yake alifanya nini, ana njia ya kufuata. Anaanza kwenye hazina ya nyaraka za taifa, Kew, London. Babu akiwa afisa, anatafutwa katika mfululizo unaoitwa ADM 273. Akiwa fundi au askari wa kawaida, ni ADM 188, na namba yake inaanza na herufi F. Karatasi inaonyesha siku aliyozaliwa, kazi aliyofanya mbele ya kuingia jeshini, vituo alivyopitia na jinsi wakubwa wake walivyomuona.

Kuna mitego pia. Kwenye karatasi nyingi kumeandikwa President II, na mjukuu anafikiri babu alisafiri kwenye meli ya jina hilo. Hapana, lilikuwa jina la daftari tu, kwa ajili ya mshahara na hesabu. Mwingine anaona habari zinakatika mwisho wa mwezi wa 3 mwaka 1918, anadhani babu alikufa. Kumbe tarehe 1 mwezi wa 4 kikosi kiliunganishwa na kile cha jeshi la nchi kavu, ikazaliwa Royal Air Force. Dosie ya afisa inaendelea katika AIR 76, ya askari katika AIR 79, na namba mpya za askari waliotoka majini zilianzia 200001.

Sasa turudi kwetu. Ndege zile nne hazikufika ziwani kwa kuruka. Zilifika zikiwa ndani ya masanduku, kutoka mdomo wa mto Congo, kwa treni, kwa mashua, tena kwa treni. Nani walipakia na kupakua masanduku hayo? Nani walibeba risasi na chakula cha jeshi hadi Tabora? Wapagazi wa Congo katika vita hiyo walizidi 200,000. Wengi walikufa kwa njaa, uchovu na kuhara. Lakini mjukuu wao aliye Kalemie, Uvira ao Kongolo ataenda kuuliza wapi? Mpagazi hakupewa karatasi yenye siku ya kuzaliwa. Alihesabiwa kama mzigo.

Kuna watakaosema hayo ni mambo ya zamani, tuna vita ya leo. Ni kweli, na ndiyo sababu tunaandika. Hapa mashariki kila vita inapopita, ofisi ya etat-civil inaporwa, madaftari ya komine yanachomwa. Kesho yake mutu anaombwa kuonyesha shamba ni la baba yake, ao kwamba yeye ni mwananchi, na hana karatasi hata moja. Asiye na dosie anaishi kwa huruma ya mwenye nguvu.

Waingereza nao walipoteza. Mwezi wa 9 mwaka 1940 mabomu ya Wajerumani yalichoma zaidi ya nusu ya dosie za askari wao wa nchi kavu wa vita ya kwanza. Za jeshi la majini zilibaki, kwa sababu hazikuwa kwenye nyumba hiyo. Hapo kuna somo: kila daftari liwe na nakala, na nakala ikae mahali pengine.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Ubelgiji, ambayo inatunza Bruxelles nyaraka nyingi za koloni, itoe nakala za orodha zozote za askari na wapagazi, zisomeke huku bila viza wala tiketi ya ndege. Serikali yetu, kupitia taasisi ya taifa ya nyaraka, INACO, ianze kupiga picha madaftari ya komine na ya sheferi yaliyobaki, kabla ya moto mwingine. Na sisi wenyewe, jioni ya leo, tumuulize mzee wa familia jina la babu yake, kijiji alichotoka na kazi aliyofanywa kubeba, tuandike. Yule mzee hana nakala mahali pengine.