Kidonge cha Moyo Kisikatizwe Ghafla

Mgonjwa wa Simbo aliyeambiwa kwamba kidonge chake ni "cha kupunguza mapigo" hawezi kulaumiwa akikiacha siku mapigo yanapotulia. Homa ikishuka, dawa ya homa huachwa. Naye amefuata mantiki hiyo hiyo. Kasoro imo katika maelezo aliyopewa.

Katika mtetemo wa atiria, vyumba viwili vya juu vya moyo huacha kujikunja kwa mpangilio na kutetemeka ovyo. Miongoni mwa vyanzo vyake nchini ni shinikizo la juu la damu na vali zilizoharibiwa na homa ya rumatiki. Wengi hupewa vizuia-beta, kama vile atenololi, bisoprololi au kavediloli, ili vyumba vya chini visiende mbio. Hilo ndilo lengo kuu la tiba hii, lakini kazi ya dawa hizo haiishii hapo.

Kila pigo la moyo hutegemea kalsiamu. Kiasi kidogo huingia katika seli na kufungua milango ya ghala la ndani; kalsiamu nyingi humwagika, misuli ikajikunja. Kisha pampu huirudisha ghalani, misuli ikalegea. Mtetemo ukidumu, milango ya ghala huanza kuvuja hata moyo unapopumzika. Kalsiamu iliyovuja hutolewa nje ya seli kwa kubadilishana na sodiamu, na mabadilishano hayo huzalisha umeme unaoweza kuwasha pigo lisilotakiwa. Seli hiyo ni kama mtumbwi wenye ufa katika Ziwa Tanganyika: huingiza maji hata ziwa likiwa shwari.

Adrenalini ndiyo dhoruba. Hofu, homa au kazi nzito huipandisha. Hushika vipokezi vya beta, ikaongeza kalsiamu inayoingia, ikalijaza ghala na kuilegeza zaidi milango yake. Vizuia-beta huvikalia vipokezi hivyo na kuituliza dhoruba. Hata hivyo, si kawaida yake kurudisha mdundo sahihi.

Hapa ndipo penye hatari ya kuacha ghafla. Seli iliyozuiwa kwa muda mrefu huongeza idadi ya vipokezi vyake. Dawa ikikatika, adrenalini huvikuta vingi na vyote viko wazi: mapigo huruka, shinikizo hupanda, na mwenye mishipa finyu ya moyo anaweza kupata shambulio la moyo. Hata daktari anapoamua kuisimamisha, kwa kawaida huipunguza hatua kwa hatua.

Kwa hiyo, pakiti iliyokwisha isichukuliwe kuwa jambo dogo. Mhudumu wa afya aandike tarehe ya kurudi iliyo kabla ya kidonge cha mwisho, na mgonjwa aliyetulia apewe akiba ya kutosha. Kwa mvuvi wa dagaa, anayetegemea taa na usiku wa giza, miadi ipangwe katika siku za mbalamwezi, anapokuwa nchi kavu. Kliniki isiyojua kalenda ya ziwa itaendelea kuwaita "watoro" watu waliokuwa kazini.

Maelezo yawe kamili pia. Kizuia-beta hakizuii damu kuganda. Mwenye hatari ya kiharusi huhitaji dawa nyingine, na kwa aliyebanwa vali ya mitrali kwa rumatiki, wafarini bado ndiyo tegemeo, pamoja na kipimo cha damu cha mara kwa mara. Mwenye pumu aseme mapema. Anayepata kizunguzungu, kuzirai au mapigo ya polepole mno arudi kituoni upesi, asijipunguzie dozi nyumbani.

James Black, Mskoti aliyebuni propranololi katika miaka ya 1960 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1988, alikusudia kuupunguzia moyo mzigo. Kusudi hilo hufika Simbo pale tu anayetoa kidonge anapotenga dakika tano za kueleza kinafanya nini, na kwa nini hakiachwi ghafla.