Jirani Asiyeitika: Haja ya Kukagua Ujirani wa Ruta katika Mitandao Yetu

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipokithiri wilayani Kahama na sehemu nyingine za Shinyanga, wananchi walijiundia jeshi la jadi la sungusungu. Nguvu ya jeshi hilo haikuwa katika pinde na mishale peke yake. Yowe likipigwa katika kijiji kimoja, kijiji cha pili kilipaswa kuitika na kulipeleka mbele. Na aliyekaa kimya bila sababu alitozwa faini au kutengwa. Mitandao ya kompyuta inayounganisha ofisi, hospitali, benki na masoko ya madini ya Shinyanga na Geita huendeshwa kwa kanuni iyo hiyo ya kuitikiana. Ila sisi wenye mitandao tumesahau sehemu yake ya pili: hatumwulizi asiyeitika.

Ruta ni mtambo unaokaa penye njia panda ya mtandao na kuamua kila pakiti ya habari ipite wapi. Fundi aweza kuiandikia njia zote kwa mkono. Lakini njia ikikatika huko mbele, ruta hiyo itaendelea kutuma pakiti shimoni mpaka fundi arudi. Kwa sababu hiyo mitandao mikubwa hutumia itifaki zinazoziwezesha ruta kutafuta njia zenyewe. Mojawapo ni OSPF, iliyotangazwa mwaka 1989, na ambayo toleo lake la pili, kama lilivyoandikwa mwaka 1998, lingali likitumika duniani kote. Kwa kawaida ruta hizo hupelekeana salamu kila sekunde 10. Jirani akinyamaza kwa sekunde 40, huhesabiwa kuwa amekufa, na waliobaki huchora upya ramani ya njia. Ni kama dereva wa kutoka Shinyanga kwenda Geita: akisikia kwamba njia ya Kahama na Kakola haipitiki, huzunguka kwa Mwanza na kuvuka daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025.

Lakini waya kuwapo si ujirani, na taa ya kijani si ushahidi wa maelewano. Kila salamu hutaja namba za majirani ambao mtumaji amewasikia. Ruta ya Kahama ikipokea salamu ya Geita isiyotaja namba yake, hutambua kwamba yenyewe inasikia lakini haisikiki. Jedwali la majirani litaandika INIT. Zikitajana pande zote mbili, mazungumzo ya kubadilishana ramani huanza. Yakikwama kwenye EXSTART, mara nyingi sababu ni kwamba mitambo hiyo imepangiwa ukubwa tofauti wa pakiti. Neno tunalolitaka kati ya ruta mbili zilizounganishwa moja kwa moja ni FULL, yaani kila moja ina ramani ile ile iliyo kwa mwenzake. Penye ruta nyingi katika waya mmoja, baadhi husimama kwenye 2WAY, na hilo si kosa.

Miaka michache iliyopita niliombwa na taasisi moja yenye ofisi katika mikoa hii miwili nichunguze kwa nini mtandao wake ulilala nusu siku baada ya katapila kukata mkongo kando ya barabara, ilhali ilikuwa imelipia njia ya pili. Njia hiyo ilikuwapo, na taa zake ziliwaka. Kumbe ruta ya upande mmoja ilikuwa imebadilishwa, na ile mpya ikapangiwa salamu za kila sekunde 30, wakati mwenzake alitumia sekunde 10. Salamu zisizolingana muda hutupwa bila kujibiwa. Mitambo hiyo ilikuwa imekaa miezi mingi katika waya mmoja bila kujuana, na hakuna aliyegundua, kwa kuwa njia ya kwanza ilikuwa nzima.

Hapo ndipo penye hatari. Jedwali la majirani huonyesha waliopo, asiyekuwapo haandikwi. Fundi anayeona majirani wawili, wote FULL, hutoka ameridhika, ijapokuwa walitakiwa wawe watatu.

Gharama ya uzembe huu haimwangukii fundi. Tangu soko la dhahabu la Geita lifunguliwe Machi 2019, mchimbaji mdogo huleta gramu zake chache mahali ambapo bei hufuata soko la dunia na mrabaha wa serikali hulipwa. Mtandao ukizimika, huyo husubiri bila fedha ya chakula, au humfuata mlanguzi wa gizani. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu baharini, nchi nzima ilionja uchungu wa njia kupungua. Mambo ya baharini si ya fundi wa Kahama. Jedwali la ruta yake ni lake.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi kuna programu za kufanya ulinzi huo. Ni kweli, na zitumike. Lakini programu nayo haina budi kuambiwa kwanza nani anatarajiwa.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu yasiyohitaji hata shilingi ya kigeni. Kwanza, kila ruta iwe na orodha iliyoandikwa ya majirani wake halali, nayo ilinganishwe na jedwali kila juma na kila baada ya mtambo kubadilishwa. Pili, mafundi wa mikoani wapewe ruhusa ya kusoma majedwali hayo, badala ya kusubiri mtaalamu wa Dar es Salaam. Tatu, mara kwa mara, usiku wakati kazi zimelala, njia ya kwanza izimwe kwa makusudi ili njia ya pili ithibitishwe.

Sungusungu hawakusubiri ng'ombe waibwe ndipo wajue nani haitiki. Nasi tusisubiri katapila.