Mwalimu wa darasani asiwe mwalimu wa tuisheni wa mtoto yule yule

Mzazi anayeishi Sakina, Arusha, anayemtafutia mwanawe mwalimu wa tuisheni wa Hesabu au Uchumi mara nyingi huanzia palipo karibu, yaani kwa mwalimu anayemfundisha mtoto shuleni. Anamfahamu mtoto, namba yake ya simu ipo tayari, na malipo yake yanajulikana na wazazi wa darasa zima. Naamini hapo ndipo tunapokosea. Mtoto akihitaji msaada wa kulipia, asiyefaa kabisa kuutoa ni yule anayemfundisha somo hilo hilo darasani, na halmashauri zetu mbili, ya Jiji la Arusha na ya Wilaya, zinapaswa kuliandika jambo hili liwe kanuni badala ya kuliachia dhamiri ya kila mwalimu.

Hitaji lenyewe ni la kweli. Kwa matokeo ya Baraza la Mitihani, watahiniwa wa kidato cha nne waliofaulu Hisabati mwaka 2022 walikuwa takribani asilimia 20, na mwaka 2023 ilikuwa karibu robo yao. Sababu tunazijua: walimu wa somo ni wachache, madarasa yamefurika tangu elimu bila ada ianze 2016, na mtoto wa shule ya serikali aliyesoma hesabu kwa Kiswahili miaka saba anakutana nazo kwa Kiingereza mara tu anapoingia kidato cha kwanza. Uchumi nao una mkwamo wake. Wanafunzi huanza kuusoma kidato cha tano, kwenye tahasusi kama EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) na HGE (Historia, Jiografia na Uchumi), na kijana anayeeleza vizuri kabisa kwa nini bei ikipanda wanunuzi hupungua anakwama anapotakiwa kukokotoa wamepungua kwa asilimia ngapi. Kilichomshinda ni asilimia za shule ya msingi, wala si Uchumi. Kuligundua hilo kunataka mtu akae naye, atazame daftari lake, amwache akosee hadi ionekane hatua ipi ilipotea. Darasa lililojaa halina nafasi hiyo. Ndiyo maana siwezi kumlaumu mzazi anayejibana ili alipie tuisheni, ingawa tuisheni ya watoto arobaini wanaopitishwa mitihani ya nyuma haraka haraka haimpi hata hicho alichokilipia.

Sasa tazama mwalimu anapowauzia masomo ya jioni wanafunzi anaowafundisha asubuhi. Topiki akiimaliza vizuri darasani, wateja wanapungua. Akiacha mifano migumu kwa ajili ya jioni, wanaongezeka. Hahitaji kuwa mtu mbaya ili avutwe na hali hiyo. Uchovu na madeni vinatosha. Mchumi Seema Jayachandran aliichunguza hali ya Nepal na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014 alionyesha dalili kwamba shule zinapowauzia wanafunzi wao wenyewe masomo ya ziada, mafundisho ya kawaida darasani hupungua, na wanaoumia ni watoto wasioweza kulipa. Huyo asiyeweza kulipa ndiye anayenisukuma kuandika. Kwetu kuna jambo jingine linalozidisha uzito: alama za maendeleo zinazopelekwa Baraza la Mitihani huanzia mikononi mwa mwalimu huyo huyo. Tunaambiwa wazazi waliridhia malipo hayo kwenye kikao cha shule, lakini ridhaa ya mzazi ambaye alama za mwanawe zinatoka kwa anayelipwa haiwezi kuwa huru, hata kama mwalimu hakutamka neno lolote la kumtisha.

Pingamizi kubwa ni la kipato. Mshahara wa mwalimu hautoshi, na kumzuia asijitafutie baada ya saa za kazi ni kumwonea. Nakubaliana na sehemu yake kubwa, na ndiyo sababu sitaki tuisheni ipigwe marufuku. Kenya iliweka kwenye Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kwamba kumfanyisha mtoto tuisheni ya likizo ni kosa lenye faini au kifungo, na bado tuisheni haikuisha. Korea Kusini ilipiga marufuku karibu masomo yote ya binafsi mwaka 1980, kisha Mahakama ya Katiba ikaitengua amri hiyo mwaka 2000. Ila sheria yao iliendelea kuwakataza walimu walioajiriwa shuleni kufundisha tuisheni ya kulipwa. Sisi hatuna haja ya kufika huko. Mwalimu wa Ngaramtoni na awafundishe jioni watoto wa shule ya Sakina, na wa Sakina awafundishe wa Ngaramtoni. Kipato kinabaki, ila anayelipwa hana tena faida ya kuliacha somo la asubuhi likiwa nusu. Kwa wanafunzi wake mwenyewe, muda wa kuwasaidia wanaobaki nyuma uwekwe kwenye ratiba ya shule, na kama kuna posho itoke kwa mwajiri wake, isitoke mfukoni mwa mzazi.

Wapo watakaosema kwamba mwalimu wa nje hamjui mtoto. Daftari la mtoto linamjua. Mwalimu wa nje akilipitia, kisha akampa maswali ya ngazi ya chini kidogo kuliko darasa lake, ndani ya wiki mbili ataona mengi. Wala watu wa kazi hiyo hawakosekani. Arusha ina vijana wenye shahada za ualimu wanaosubiri ajira ya serikali, ina wanafunzi wa Chuo cha Uhasibu pale Njiro wanaokula na kulala na hesabu, ina watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela Tengeru, na kila mwaka wahitimu wa kidato cha sita humaliza mitihani Mei na vyuo hufunguliwa miezi kadhaa baadaye. Baadhi yao hawajui kufundisha, hilo ni kweli, kwa hiyo mzazi aombe vipindi viwili vya majaribio na asikilize nani anaongea zaidi, mwalimu au mtoto. Vipindi vifanyike sebuleni, mlango ukiwa wazi na mtu mzima akiwapo. Hapo pasiwe na mjadala.

Kanuni ninayoidai inaweza kuandikwa kwa sentensi moja ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kila shule: mwalimu hapokei malipo ya masomo kutoka kwa mwanafunzi anayemfundisha au kumtungia mtihani. Maofisa Elimu Kata wanaweza kuisimamia, kwa kuwa wazazi wataijua na watajua pa kuripoti. Kabla halmashauri hazijaamka, bodi ya shule inaweza kuipitisha yenyewe, na kikao cha wazazi cha kufungua muhula kinatosha kuiweka mezani.