Mwenye kovu usidhani kapoa: Upasuaji wa mifupa na maumivu yasiyoulizwa

Jirani yangu mmoja wa Likoni, mama wa miaka 63, alibadilishwa goti mwaka jana. Kidonda kilifunga vizuri, nyuzi zikatolewa, na picha ya eksirei ikaonyesha goti bandia limekaa sawasawa. Kwa upande wa hospitali, kazi ilikuwa imekwisha. Lakini miezi saba baadaye bado hawezi kulikunja goti hilo akaingia kwenye tuktuk bila kuguna. Watu wa nyumbani wameanza kunong'ona kwamba anadeka.

Hadeki. Kabla ya upasuaji, mama huyu alikuwa ameishi na maumivu ya mgongo na magoti kwa zaidi ya miaka minane. Kila usiku alimeza vidonge vikali alivyonunua duka la dawa bila cheti cha daktari, ili apate walau usingizi. Hakuna aliyemuuliza habari hizo kabla ya kulazwa, naye hakudhani zina maana. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

Nalileta jambo hili sasa kwa sababu mazungumzo ya matibabu hapa Pwani yamekuwa ya pesa tu. Tangu Oktoba 1, 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF na wafanyakazi wakaanza kukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, swali la kila familia ni moja: je, upasuaji utalipiwa? Ni swali la haki, kwani goti au nyonga bandia ni ghali. Lakini liko swali la pili ambalo haliulizwi: mgonjwa akishatoka wodini, nani atamsaidia kupona?

Maumivu yakizidi miezi mitatu, madaktari huyaita maumivu sugu. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO), iliyoanza kutumika Januari 2022, inayatambua kama hali inayohitaji matibabu yake yenyewe, yakiwemo maumivu yanayobaki baada ya upasuaji. Maana yake ni kuwa maumivu si kengele tu ya kuonyesha palipoharibika. Kengele yenyewe inaweza kuharibika. Neva na ubongo vikipokea maumivu kwa miaka, huzoea kuyapokea kwa ukali zaidi, hata kitu kidogo kikauma sana. Daktari akiondoa goti bovu, neva zile hazibadilishwi pamoja nalo.

Tena mtu anayeumwa kwa muda mrefu hufika kwenye upasuaji akiwa tayari amedhoofika. Misuli ya paja imenywea kwa kutotumika. Usingizi ni wa mang'amung'amu, na mwili usiolala hupona polepole. Hofu imemkaa, kila hatua anaihesabu kuwa hatari. Na kama amezoea dawa kali jamii ya tramadol, kipimo cha kawaida anachopewa baada ya upasuaji huenda kisimtulize. Akiomba zaidi, huonekana mlevi wa dawa. Akiziacha ghafla, mwili hutetemeka na maumivu huzidi. Wale wanaomeza diclofenac kila siku nao wana hatari yao: vidonda vya tumbo, kutokwa damu na kuharibika figo.

Matokeo yake huonekana kwenye mazoezi. Wiki za mwanzo baada ya kubadilishwa goti ndizo za kulikunja na kulinyoosha, kabla makovu ya ndani hayajalikaza. Mgonjwa ambaye maumivu yake hayakudhibitiwa hawezi kufanya mazoezi hayo. Asipoyafanya, goti linakaza. Likikaza, linauma zaidi. Tafiti za nchi zilizofanya upasuaji huu kwa wingi zimeonyesha kuwa takriban mtu mmoja kati ya watano waliobadilishwa goti hubaki na maumivu ya muda mrefu, na kwa nyonga ni kama mmoja kati ya kumi. Miongoni mwa dalili za mapema kwamba mtu atakuwa kwenye kundi hilo ni maumivu aliyokuwa nayo kabla, hasa yakiwa makali na ya sehemu nyingi za mwili.

Msiseme hili ni la wazee peke yao. Hapa Pwani tuna selimundu, ugonjwa ulioenea zaidi katika sehemu zenye malaria. Utafiti wa miaka mingi uliofanywa Kilifi ulisaidia kuonyesha jinsi mtu aliyerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja tu anavyokingwa na malaria kali. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Chembe zake za damu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Mfupa usiofikiwa na damu hufa, na unaoathirika sana ni kichwa cha mfupa wa paja, pale kwenye nyonga. Ndiyo maana utamwona kijana wa miaka 25 akitembea kwa kuchechemea kama babu yake, naye anahitaji nyonga bandia.

Kijana huyu amejua maumivu tangu utotoni. Upasuaji wake unataka maandalizi ya pekee: damu yake ipimwe na pengine aongezewe, asikaushwe maji, asipigwe na baridi, na kifua chake kiangaliwe kwa karibu siku za baadaye. Akisema anaumwa, aaminiwe. Nyonga mpya haiondoi selimundu, na maumivu ya mifupa mingine yanaweza kumrudia akiwa bado kwenye magongo.

Nyumbani nako tuna la kurekebisha. Desturi yetu ni kumhurumia mgonjwa kwa kumfanyia kila kitu: aletewe chakula kitandani, asinyanyuke. Kwa aliyepasuliwa goti, huruma hiyo yaweza kumlemaza. Wengine huitiwa mkandaji mguu ukivimba, na hilo ni hatari, kwa kuwa uvimbe huo waweza kuwa damu iliyoganda, arudi hospitali. Aliyewekewa nyonga naye mara nyingi huambiwa kwa wiki kadhaa asiketi chini mkekani wala asichuchumae. Basi nyumba yenye choo cha shimo itafute kiti cha choo mapema, na mwenye kusali aandaliwe kiti.

Lakini mzigo mkubwa si wa familia. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, hospitali zetu nyingi ziko mikononi mwa kaunti. Viongozi wetu hupenda kufungua jengo na kukata utepe. Fiziotherapia haina utepe. Mgonjwa wa Kinango au Lunga Lunga akiambiwa aje Mombasa mara mbili kwa wiki kwa mazoezi, anahesabu nauli ya matatu, foleni ya feri, na mtu wa kumsindikiza anayeacha kazi yake. Baada ya wiki ya pili haji tena. Kwenye faili ataandikwa kuwa ndiye aliyekatiza matibabu.

Tunachopaswa kudai si kikubwa kama jengo. Kwanza, kila anayepangiwa upasuaji wa mifupa aulizwe waziwazi: unaumwa wapi kwingine, tangu lini, na unameza nini? Majibu hayo yamfikie daktari wa nusukaputi kabla ya siku yenyewe. Pili, mazoezi ya kuimarisha misuli yaanze kabla ya kisu, na yaendelee katika hospitali iliyo karibu na mgonjwa. Tatu, mgonjwa apewe mpango wa maandishi wa dawa zake, hata wa kuzipunguza. Bajeti za kaunti hupitia vikao vya kusikiliza maoni ya wananchi. Tukienda huko kudai barabara, tudai na fiziotherapia.

Nawe msomaji, ikiwa umepangiwa upasuaji, usiukimbie kwa kusoma haya. Walio wengi hupata nafuu, na kuwa na maumivu sugu si sababu ya kunyimwa matibabu. Ila nenda na vidonge vyako vyote kwenye mfuko, hata vile unavyoona haya kuvitaja, uvimwage mezani mbele ya daktari. Uliza pia mazoezi utayafanyia wapi na nani atayalipia, kabla hujatia sahihi.

Jirani yangu sasa amepata mtaalamu wa mazoezi, na dawa zake zinapunguzwa taratibu. Juzi alitembea hadi kwa mangi akarudi. Angeweza kufika hapo miezi mitano iliyopita, lau mtu angemuuliza.