Shilingi 40 Mlangoni mwa Kliniki



Kila matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, nyumba nyingi za pwani yetu husikia hukumu ile ile. Binti aliyepata alama ya juu katika Hisabati na sayansi huambiwa na wajomba, mashangazi na majirani kwamba hana budi kuwa daktari. Akikosa nafasi ya udaktari huonekana kana kwamba ameshuka daraja, na aghalabu hupelekwa kwenye kozi yoyote iliyobakia. Nia ya wazee ni njema, kwani wanataka mtoto atakayewafaa watu. Lakini ipo elimu nyingine inayookoa maisha bila ya kushika sindano, nayo haitajwi barazani wala jikoni. Huitwa uchumi wa afya. Chombo chake kikuu ni ekonometria, yaani ufundi wa kutumia hesabu na takwimu kupambanua ni jambo lipi hasa lililosababisha lipi. Wiki hii nawaombeni tuitazame kazi hii kupitia kitu tunachokijua sote: chandarua.

Tuanzie hapa kwetu. Katika miaka ya 1990, watafiti walifanya majaribio makubwa huko Kilifi ya vyandarua vilivyotiwa dawa ya kuua mbu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996, nayo yalikuwa bayana: pale vyandarua vilipogawiwa, vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa takriban thuluthi moja. Kwa upande wa utabibu, swali lilikuwa limejibiwa. Chandarua chenye dawa kinaokoa roho za watoto.

Swali lililobaki halikuwa la daktari. Chandarua hicho kitamfikia mama kwa njia gani? Kiuzwe kwa bei ya duka, kiuzwe kwa bei nafuu, au kitolewe bure? Waliotetea bei walikuwa na hoja ya kusikilizwa. Walisema kwamba cha bure hakithaminiwi. Kwamba mtu asiyetoa hata senti atakitumia chandarua kuvulia dagaa au kufunikia miche, au atakiacha kabatini. Na kwamba bei ndogo humchuja anayekihitaji kweli na yule anayechukua kwa kuwa kimetolewa tu. Waliotetea utoaji wa bure nao walisema kwamba bei hiyo hiyo ndogo humchuja maskini zaidi, ambaye ndiye mwenye mtoto aliye hatarini. Pande zote mbili zilisema kwa yakini, wala hapakuwa na mizani ya kuzipima.

Mtu angeweza kudhani kwamba jibu ni jepesi: nenda majumbani, uwaulize walionunua chandarua na waliopewa, kisha ulinganishe. Hapa ndipo mwanaekonometria anapotutahadharisha. Mama aliyenunua chandarua huenda ana duka, au mumewe ana mshahara, au amesoma zaidi, au tayari alimpoteza mtoto kwa malaria na hataki kupitia msiba huo tena. Tukiona watoto wake wana afya, hatujui kama ni kwa sababu ya chandarua, au ya kipato, au ya elimu, au ya hofu yake. Mambo mawili kwenda pamoja si hoja kwamba moja limezaa jingine. Jogoo huwika na jua huchomoza, lakini hakuna anayesema kwamba jogoo ndiye aliyelileta jua.

Wanauchumi wawili wanawake, Pascaline Dupas, mzaliwa wa Ufaransa, na Jessica Cohen wa Marekani, walilitafutia jambo hili mizani katika kliniki za wajawazito za magharibi mwa Kenya. Walichukua kliniki 20 na kuzipangia bei kwa kura. Baadhi zilitoa chandarua bure, nyingine zikauza kwa shilingi 10, nyingine 20, nyingine 40, na chache zikaachwa bila ya mpango huo ili ziwe za kulinganishia. Kwa kuwa kura haijui tajiri wala maskini, msomi wala asiyesoma, akina mama wa kliniki za bure na wale wa kliniki za shilingi 40 walikuwa kwa wastani sawa katika kila jambo isipokuwa bei. Tofauti itakayoonekana baadaye haina pa kusingiziwa ila bei.

Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Quarterly Journal of Economics. Bei ilipopanda kutoka bure hadi shilingi 40, waliochukua chandarua walipungua kwa takriban akina mama 60 katika kila 100. Na shilingi 40 zilikuwa bado pungufu ya bei ya ruzuku iliyokuwa ikitozwa wajawazito nchini wakati ule. Kisha watafiti wakabisha hodi majumbani kutazama kama chandarua kimetundikwa. Waliopewa bure walikuwa wakikitumia sawa na walionunua. Ile hoja kwamba cha bure hakithaminiwi haikupata ushahidi katika nyumba hizo.

Hebu zingatieni maana ya jambo hili, mama zangu. Shilingi 40, ambazo mtu mwenye mshahara angeziita chenji, zilitosha kuwarudisha wajawazito wengi nyumbani mikono mitupu. Lau si kwa hesabu ile, pengine tungeendelea kuwaita wazembe.

Wakati huo huo nchi ilikuwa ikipita njia hiyo hiyo kwa vitendo. Mwaka 2006 serikali iligawa bure vyandarua milioni 3.4 kwa watoto wadogo. Watafiti waliofuatilia wilaya nne, Kwale ikiwa mojawapo, walikuta kwamba watoto waliolala ndani ya chandarua chenye dawa wamepanda kutoka takriban 7 katika kila 100 mwaka 2004 hadi 67 mwishoni mwa 2006, na pengo lililokuwapo kati ya watoto wa maskini na wa wenye uwezo likakaribia kufutika. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likatoa msimamo kwamba vyandarua hivyo vigawiwe bure au kwa ruzuku kubwa. Ndiyo maana leo mama mjamzito akienda kliniki hutarajia kupewa chandarua, na huona kuwa ni jambo la kawaida. Usione vyaelea, vimeundwa. Na miongoni mwa waundaji walikuwamo watu wa hesabu.

Msidhani kwamba elimu hii ni ya wageni wanaokuja kutupima kisha wakaondoka. Profesa Germano Mwabu wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliifanya kazi hiyo hapa nchini kabla ya hao. Mwishoni mwa mwaka 1989 serikali ilianza kutoza ada katika vituo vyake vya afya. Mwabu na wenzake wakachunguza wilaya moja, na utafiti wao ukachapishwa mwaka 1995. Walikuta kwamba mahudhurio katika vituo vya serikali yalishuka kwa takriban nusu wakati wa ada, na ada iliposimamishwa yakapanda kwa asilimia 41 katika miezi saba iliyofuata. Hawakutosheka na vituo vya serikali peke yake. Walitazama na vya binafsi, wakaona wagonjwa wakitoka huko kurudi kwenye vya serikali. Ulinganishi wa namna hiyo ndio ekonometria pale ambapo kura haiwezekani. Serikali haipigi kura ya nani atozwe ada, kwa hivyo mtafiti hutafuta kabla na baada, huku na kule, mpaka ukweli ujitenge na uvumi.

Uwanja huu haukomei kwenye bei. Dupas na mwenzake Jonathan Robinson waliingia katika jambo ambalo akina mama wa pwani ni mabingwa wake: akiba. Katika utafiti wao wa magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2013, walionyesha kwamba kumpa mtu mahali salama tu pa kuweka pesa zake kuliongeza akiba ya afya kwa asilimia 66, na kwamba mipango iliyopitia vikundi vya kuchangiana ilikuwa na athari kubwa sana. Nyanya zetu waliocheza upatu wasingelishangaa. Walijua kwamba akiba haiozi, na kwamba pesa iliyowekwa mbele ya wenzio haichukuliki ovyo. Lakini walijua bila ya kuandika, na waziri wa fedha hawezi kupanga bajeti kwa maneno ya nyanya. Mtaalamu ndiye aliyeyapa maneno hayo daftari.

Sasa turudi kwa binti yetu wa Hisabati. Njia yake ni ipi? Huanza na shahada ya kwanza, miaka minne, katika uchumi, takwimu au hisabati yenyewe. Hufuata shahada ya uzamili, kwa kawaida miaka miwili, ambamo huanza kujifunza uchumi wa afya na kuzoea programu za kompyuta za kuchambua takwimu. Mwenye kutaka uanazuoni huendelea na shahada ya uzamifu, ambayo huchukua miaka minne hadi sita au zaidi. Baada ya hapo kazi yake huwa na sehemu tatu: kufundisha, kutafiti, na kuandika makala ambayo wenzake huyachambua bila huruma kabla hayajachapishwa. Fedha za masomo zinatisha, lakini si ukuta. Vyuo vingi vya ng'ambo huwalipa wanafunzi wa uzamifu posho kwa kufundisha na kusaidia utafiti. Hapa Nairobi ipo African Economic Research Consortium, iliyoanzishwa mwaka 1988, ambayo kwa miaka mingi imesaidia mafunzo ya wanauchumi wa Afrika. Na Kilifi ina kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoanza mwaka 1989, ambamo uchumi wa afya nao ni sehemu ya kazi.

Wazazi watauliza juu ya umri na miaka mingi ya masomo. Ni swali la haki, na jibu la kweli ni kwamba njia hii ni ndefu na inahitaji nyumba inayomsubiri mtoto kwa subira. Lakini mwanafunzi wa udaktari bingwa naye husoma kwa miaka mingi, wala hatumhesabii kila mwaka kwa masikitiko. Tumtazame na huyu kwa jicho lilo hilo.

Liko pia jambo la tabia, nalo hupita akili. Mwaka 2004 Edward Miguel na Michael Kremer walichapisha utafiti wa dawa za minyoo katika shule 75 za Busia, wakionyesha kwamba utoro wa wanafunzi ulipungua kwa angalau robo. Kremer baadaye alikuwa miongoni mwa watatu waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2019. Katikati ya sifa hizo, wataalamu wengine waliomba takwimu zile na kuzihesabu upya, na mwaka 2015 wakatangaza kwamba wameona kasoro katika baadhi ya hesabu. Mjadala ulikuwa mkali, na wenyewe walitetea hitimisho lao kuu. Lakini takwimu zilikuwa zimetolewa wazi kwa mikono yao, na hilo ndilo adabu ya kazi. Asiyeweza kuliweka daftari lake mbele ya mpinzani hafai uwanjani humu, hata akiwa na akili ya ajabu. Malezi ya uaminifu tunayowapa watoto nyumbani ni nusu ya masomo haya.

Nusu nyingine ambayo binti zetu wanayo tayari ni lugha na kuaminiwa. Mtafiti huuliza maswali ya ndani: mlikopa kwa nani mlipougua, kwa nini hukwenda kliniki, nani huamua pesa itumikeje? Mwanamke wa Kwale au Lamu hatamjibu kila mtu maswali hayo. Atamjibu yule anayejua jinsi ya kubisha hodi, pa kuketi na wakati wa kunyamaza. Takwimu nzuri huanzia kwenye jibu la kweli, na jibu la kweli huanzia kwenye heshima. Binti wa kwetu anapokosekana kwenye meza ya watafiti, maswali hutungwa na watu wasioijua nyumba yetu, na nambari zinazotuhusu huandikwa bila sisi.

Hesabu haisemi yote. Wastani haulii, na msiba wa mama mmoja hauonekani katika jedwali. Hata hivyo, pasipokuwa na jedwali, misiba ya akina mama elfu hubaki kuwa siri za nyumba elfu, na anayepanga bajeti hulala usingizi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na roho za watu ni zaidi ya mali.

Basi matokeo ya mtihani yatakapotoka tena, inshallah, na binti akaja na alama yake ya Hisabati, msikimbilie kumchagulia. Mketisheni, mumpe kikombe cha chai, kisha mumweleze habari ya kliniki zile 20 na shilingi 40. Mtazameni macho yake. Akianza kuuliza maswali, mtafutieni mwalimu wa takwimu.