Ng'ombe akifa kwa sindano, mkulima adai wapi?

Maksai akifa Novemba, mvua zikiwa zimeanza, mkulima wa Mollo hapotezi nyama tu. Jozi ya plau imevunjika, shamba la mahindi linasubiri, na kukodi ng'ombe wa jirani wakati huo ni fedha taslimu. Uchungu huzidi inapoonekana kuwa kilichomuua si ndigana bali sindano: dawa imezidishwa kipimo, au ya kuchoma kwenye nyama imepelekwa kwenye mshipa.

Wengi husema ni bahati mbaya, mzoga ukachunwa na nyama ikagawanywa jioni hiyo hiyo. Hapo kesi nayo imeliwa. Anayedai ndiye anayetakiwa kuthibitisha, na kazi kubwa si kuonyesha kwamba mtaalamu alikosea, bali kwamba kosa hilo ndilo lililoua. Mnyama alikuwa mgonjwa tayari. Mdaiwa atasema angekufa tu. Bila ripoti ya uchunguzi wa mzoga, chupa ya dawa, stakabadhi na mashahidi, hakimu hana cha kushika. Kama aliyechoma sindano ni ofisa mifugo wa kata, halmashauri iombwe kuleta mtaalamu mwingine. Mwenye mnyama asipasue mwenyewe, maana kifo cha ghafla huweza kuwa kimeta, na kimeta huua watu pia.

Sheria ya Veterinari Namba 16 ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari, linalosajili madaktari wa mifugo na kuwasimamia wasaidizi wao. Mlalamikaji anaweza kulifikia, na mwenye hatia akafutwa kwenye daftari. Lakini Baraza halilipi ng'ombe. Dawa yenyewe ikitiliwa shaka, taarifa ipelekwe TMDA, mamlaka inayodhibiti dawa za mifugo pia. Nayo hailipi.

Fidia hutafutwa mahakamani. Madai ya uzembe dhidi ya mtaalamu binafsi kwa kawaida huanzia mahakama ya wilaya, si ya mwanzo, na muda wake ni miaka 3. Mkulima aliyemwita kijana wa sindano huku akijua hana usajili atakuwa na kibarua kigumu zaidi, kwani ataulizwa kwa nini alimwita.

Aliyekosea akiwa mtumishi wa halmashauri, mlima unakuwa mrefu. Kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020, halmashauri hupewa kwanza notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa, na kesi hufunguliwa Mahakama Kuu. Mahakama hiyo ipo Sumbawanga, ni kweli, lakini kwa mwenye maksai mmoja utaratibu huu ni sawa na kumwambia asamehe. Halmashauri inayotoza ushuru mnadani ingepaswa kuwa na njia nyepesi ya kusikiliza madai ya namna hii na kulipa.

Kwa sasa wengi hupatana mbele ya wazee au mtendaji wa kijiji, na si vibaya. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017 wanaweza kusaidia kuandika mapatano: kiasi, tarehe ya kulipa, saini za pande zote na mashahidi. Ahadi ya mdomo ya "nitakutafutia dume" ina hatari moja: miaka 3 haisimami kungoja mazungumzo yaishe.