Programu hubadilika kila wiki, mwongozo je?

Tuseme umeajiriwa Nairobi kuandika miongozo ya programu ya simu. Jumatatu unaeleza hatua za kutuma pesa, unapiga picha za skrini, unazipanga vizuri. Ijumaa wasanidi wanahamisha kitufe, wanakibadilisha jina, kisha wanatoa toleo jipya. Mwongozo wako umezeeka kabla mtu hajausoma. Mteja akikwama, lawama ni zako.

Hayo ndiyo maisha ya mwandishi wa kiufundi tangu mfumo wa Ajaili uenee. Zamani kampuni ilijenga programu kwa miezi mingi, ndipo mwandishi akapewa aiandikie kitabu. Februari 2001, wataalamu 17 walikutana Snowbird, jimbo la Utah, Marekani, wakapendekeza njia nyingine: programu ijengwe kidogokidogo, itolewe mapema, irekebishwe wateja wanaposema. Leo timu nyingi hufanya kazi kwa awamu za wiki moja hadi nne, ziitwazo sprinti.

Wataalamu hao walisema pia kwamba wanathamini programu inayofanya kazi kuliko rundo la maandishi. Waliongeza kuwa maandishi nayo yana thamani yake, lakini hapo ndipo mabosi wengi huruka. Kwao, Ajaili ni ruhusa ya kutoandika chochote.

Wanakosea. Chukua Daraja, mfumo wa Safaricom unaowawezesha wasanidi kuunganisha programu zao na M-Pesa. Msanidi aliye Kisumu hawezi kuchungulia ndani ya mitambo. Anategemea maelezo tu. Mfumo wa aina hiyo ukibadilika na maelezo yabaki ya zamani, malipo yanagoma na duka la mtandaoni linapoteza wateja. Kwake yeye, programu isiyo na maelezo sahihi haifanyi kazi, basi.

Waandishi waliozoea kasi hii wanafanyaje? Kwanza, hawangoji mwisho. Wanaingia kwenye kikao cha kila siku cha dakika 15, hivyo wanajua kitufe kitahamishwa kabla hakijahamishwa. Pili, wanaandika kwa Markdown na kuhifadhi kazi yao kwenye Git, palepale wasanidi wanapohifadhi msimbo, ili vyote viwili vikaguliwe pamoja. Tatu, wanaandika machache: wanaeleza jambo ambalo mtumiaji anataka kufanya, si kila kitufe kilichopo. Picha za skrini wanazipunguza kwa sababu ndizo huzeeka haraka.

Hata hivyo, ujanja wa mtu mmoja una mipaka. Mwandishi anaweza kupewa timu tatu au nne, zote zikimaliza sprinti siku moja. Hapo hakuna Git itakayomwokoa. Kinachosaidia ni timu yenyewe kukubaliana kwamba kazi haijakamilika hadi maelezo yake yakamilike. Bila hilo, kila wiki utakuwa unakimbiza matatu iliyokwisha kuondoka stejini.

Kwa hivyo kijana, ukiitwa kwenye mahojiano ya kazi hii, usiulize mshahara tu. Uliza pia: "Hapa mnahesabu kazi imekamilika lini?" Wasipotaja maelezo, jua unaajiriwa kubeba lawama.